Uliza Jina Limesajiliwa kwa Nani

Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook na mitandao mingine ya kijamii ilifungwa nchini Uganda kwa amri ya serikali. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, na iliporudi tarehe 18 Facebook haikurudi nayo. Miaka minne baadaye aliyetaka kuingia humo bado alilazimika kupitia VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa wakubwa: kampuni ya Marekani ilikuwa imefuta akaunti ilizodai zina uhusiano na kituo kimoja cha Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, serikali nayo ikajibu kwa kufunga mlango. Walioumia ni wauza vitenge wa Kikuubo jijini Kampala, waoka keki wa Ntinda na madalali wa nyumba za Kira, watu waliokuwa wamekusanya wateja kwenye kurasa zao kwa miaka, picha kwa picha. Wengi walihamia WhatsApp na TikTok, biashara ikasonga. Lakini jambo lililojitokeza wiki ile halijapewa uzito wake hadi leo: duka lililojengwa kwa jasho la miaka halikuwa la mwenye duka.

Ninachodai hapa ni kwamba ile misamiati tunayoikwepa kwa kudhani ni ya watu wa kompyuta, yaani kikoa, seva, DNS, faharasa, kichwa cha ukurasa, SEO, inamhusu mwenye biashara kabla ya kumhusu fundi. Ndani yake mna majibu ya maswali ya mali: kipi ni changu, kipi nimepanga tu, na kipi hakiuzwi na mtu yeyote hata akinikatia risiti. Fundi anaweza kuijenga tovuti nzuri kwa mteja asiyejua lolote, sikatai. Ila mteja huyo hawezi kuitambua kazi mbaya mpaka siku ya kuachana, na siku hiyo huwa amechelewa.

Tuanze na jina la kikoa, maana hapo ndipo watu wengi wanapoibiwa bila kujua. Kikoa ni lile jina analoandika mteja kwenye kivinjari, linaloishia na .com, .co.ug au kadhalika. Tawi la .ug lipo tangu 1995 na husimamiwa na kampuni binafsi ya Kampala. Chini yake biashara hupata .co.ug, vyuo .ac.ug, shule .sc.ug, na serikali .go.ug. Mkazi yeyote wa Buganda anao mfano wa kuelewa tofauti ya kumiliki na kupanga nyumbani kwake. Makubaliano ya 1900 kati ya Waingereza na Buganda yaligawa ardhi kwa maili za mraba, ndiyo mailo, na tangu hapo mwenye hati anaweza kuwa mmoja na anayelima na kujenga juu ya ardhi ileile akawa mwingine, mwenye kibanja anayelipa kodi ya busuulu. Ukurasa wa Facebook au wa TikTok ni kibanja: unapanda, unajenga, unazaa matunda, ila hati iko kwa mwingine. Tena ni kibanja dhaifu, kwa sababu mwenye kibanja wa Buganda ana Sheria ya Ardhi ya 1998 inayomkinga asifukuzwe ovyo, ilhali mwenye ukurasa ana masharti aliyoyakubali kwa kubonyeza bila kuyasoma. Jina la kikoa ndilo linaloikaribia hati.

Nasema linaikaribia, kwa sababu kikoa hakinunuliwi kikaisha. Unalipa kwa mwaka, au miaka kadhaa kwa mpigo, kwa kampuni inayoitwa msajili, na usipolipa kinakutoka. Kwa .com, jina likishafutwa na msajili wako kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini nzito, kisha siku 5 za kusubiri, halafu jina linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Bei si ya kutisha, kikoa cha .com hugharimu kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka, pesa ambayo haifikii kodi ya mwezi ya kibanda katikati ya jiji. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye fomu ya usajili. Fundi anapokusajilia jina huulizwa nani ni mmiliki na barua pepe yake ni ipi, na kwa haraka, mara nyingi bila nia mbaya, anajaza yake. Kuanzia hapo mbele ya msajili mmiliki ni yeye. Taarifa za kufufua kikoa zinakwenda kwake. Ombi la kukihamisha linamhitaji yeye akubali. Akihamia Dubai, mkikosana juu ya salio, au akifariki, wewe unabaki na vibao, kadi za biashara na mgongo wa gari vyenye jina la duka ambalo huna funguo zake. Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja: hifadhidata iitwayo WHOIS humwonyesha mtu yeyote kikoa kilisajiliwa lini, kupitia msajili yupi na kinaisha lini, na taarifa zisipofichwa, kwa jina la nani.

Kikoa peke yake hakibebi kitu. Mafaili ya tovuti, yaani maandishi, picha na programu, hukaa kwenye seva, kompyuta isiyozimwa ambayo kwa kawaida unaipanga kwa mwezi au mwaka. Kinachounganisha jina na seva ni DNS, mfumo unaoligeuza jina kuwa namba ya mashine ili kivinjari kijue pa kwenda. Umuhimu wake ulionekana tarehe 4 Oktoba 2021, pale Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotoweka dunia nzima kwa takriban saa 6. Mafaili yalikuwapo na mashine zilikuwa zinanguruma. Kosa la matengenezo kwenye mtandao wao lilifanya seva zao za DNS zisifikike, na majina hayo makubwa yakawa hayaelekezi popote. Kwa mwenye duka la Wandegeya maana yake ni hii: anayeshika mipangilio ya DNS anaweza kukuhamisha, kukuzima au kukuelekeza kwingine ndani ya dakika chache, ilhali anayeshika seva peke yake anaweza kuizima tovuti lakini hawezi kukuzuia kuhamia kwingine na jina lako. Seva ni pango la kweli na hakuna ubaya kulipanga, alimradi una nakala rudufu ya mafaili yako mahali pengine. Ukigombana na mwenye seva, unachukua nakala, unakodi nyingine, unabadilisha mstari mmoja kwenye DNS, na mteja hajui kilichotokea.

Swali la seva ikae wapi lina uzito wake hapa kwetu. Kampala ina kituo cha kubadilishana data, UIXP, tangu 2001, na seva iliyounganishwa nacho humfikia mtu wa Makindye bila kupita nje ya nchi. Seva ikiwa Ulaya, kwa kawaida data hushuka Mombasa, ambako nyaya za baharini zilitua 2009, ikapita baharini na kurudi. Ucheleweshaji upo, ingawa mteja wa kawaida hauhisi kama anavyohisi uzito wa ukurasa wenyewe. Uzito huo ndio unaoniudhi zaidi kwenye tovuti nyingi za jiji hili. Simu janja ya leo hupiga picha ya megabaiti 4. Weka picha tano kama zilivyo na ukurasa unafika megabaiti 20, moja ya tano ya bando la megabaiti 100. Mteja wako analipia mzigo huo, na analipia pamoja na ushuru: kuanzia Julai 2018 alitozwa shilingi 200 kwa siku ili afungue mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ilipoondolewa ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Picha hiyohiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti 150 inaonekana vilevile kwenye kioo cha simu. Fundi asiyeifanya kazi hiyo anamtoza mteja wako bila wewe kujua, na mteja hatakuja kulalamika, atafunga tu.

Kuhusu lugha za kujengea tovuti sina haja ya kumchosha msomaji. HTML hupanga vilivyomo, hiki kichwa, hii aya, hii picha. CSS huvipamba kwa rangi na mpangilio. JavaScript huvifanya vitende, kama kufungua menyu au kuhesabu jumla ya kapu. WordPress, iliyoanza 2003 na sasa inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, humwezesha asiyejua lugha hizo kubadilisha bei na picha mwenyewe, na hilo ni jambo la kumiliki pia: kama kila ukibadilisha bei ya mche wa sabuni lazima umpigie fundi, bado hujakabidhiwa. Kufuli dogo linaloonekana kwenye baadhi ya vivinjari lina maana kwamba mawasiliano yamefichwa kwa HTTPS. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huiandikia tovuti isiyo na HTTPS kwamba si salama. Cheti chake hutolewa bure na shirika la Let's Encrypt, kwa hiyo ukikiona kwenye ankara kimewekewa bei kubwa, uliza ni cheti gani hicho.

Tukija kwenye SEO, ndipo penye porojo nyingi. SEO ni kazi ya kuifanya tovuti ieleweke na ionekane kwenye injini za utafutaji, na kwa Kampala injini hiyo karibu daima ni Google. Utaratibu wake si siri. Google hutuma programu zinazofuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa na kusoma kilichomo. Kilichosomwa huingizwa kwenye faharasa, yaani orodha yake ya kurasa zote ilizosoma. Mtu akiuliza, faharasa hupekuliwa na majibu kupangwa. Ukurasa usio kwenye faharasa haupo kwa Google, hata uwe mzuri vipi. Mpangilio wa majibu ulianza na wazo la Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, kwamba kiungo kutoka tovuti nyingine ni ushahidi kuwa ukurasa una thamani, na kwamba ushahidi wa tovuti inayoheshimika una uzito zaidi. Kampuni ilizaliwa 1998. Watu wakaanza kuuziana viungo kwa maelfu, na Aprili 2012 Google ikatoa badiliko lililopewa jina la Penguin kuwaadhibu wanunuzi hao. Mwaka mmoja kabla, badiliko la Panda lilikuwa limezishusha kurasa zilizojazwa maneno matupu.

Historia hii fupi ina faida ya moja kwa moja mfukoni. Mtu akikuambia atakuweka wa kwanza kwenye Google, kumbuka kwamba Google yenyewe huwaonya wenye tovuti kuwa hakuna anayeweza kuwahakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba haipokei pesa kupandisha majibu ya kawaida. Kinacholipiwa ni tangazo, nalo huandikwa kuwa ni tangazo na huondoka siku pesa inapokwisha. Akikuuzia kifurushi cha viungo 500, anakuuzia hatari ya adhabu. Akikuuzia orodha ya maneno ya kufichwa kwenye lebo ya maneno muhimu ndani ya HTML, anakuuzia kitu ambacho Google ilitangaza Septemba 2009 kuwa haikitumii katika kupanga majibu. Mara nyingi si wizi wa makusudi. Ni maarifa yaliyochacha yanayoendelea kuuzwa kwa sababu mnunuzi hana namna ya kuyanusa.

Kinachofaa ni cha kawaida mno kiasi kwamba hakiuziki vizuri. Chukua kichwa cha ukurasa, ule mstari mmoja wa HTML unaotokea juu kwenye kivinjari na kwa rangi ya bluu kwenye majibu ya Google. Fungua tovuti za biashara ndogo za jiji hili na mara kwa mara utakuta mstari huo umeandikwa Home, au Welcome, kama kiolezo kilivyotoka kiwandani. Hakuna binadamu anayetafuta Home. Mwenye duka la Kisekka akiandika pale vipuri vya Hiace na Noah Kampala, na ukurasa wenyewe ukataja aina za vipuri, bei, saa za kufungua na duka liko jengo gani, tayari amefanya sehemu kubwa ya SEO anayotozwa mamilioni. Aongeze maelezo mafupi chini ya kila picha, kwa kuwa programu ya Google huelewa maandishi haraka kuliko picha. Ahakikishe ukurasa unasomeka kwenye simu, maana tangu 2023 Google imekamilisha kuhamia kwenye kuzipima tovuti kwa sura zake za kwenye simu. Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya mwenye duka kuliko ya fundi, kwa sababu ni yeye anayejua wateja huuliza nini.

Na hapo Kiswahili kinaingia kwa namna ambayo wengi Kampala hawajaiona. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini mjini bado kuna waliokizoea kama lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, na kumbukumbu hiyo haifutwi kwa azimio. Sokoni hali ni nyingine. Wachuuzi wa Bunia, Beni na Butembo wanaokuja kununua Kikuubo wengi hawaongei Kiganda, na Kiingereza chao ni haba. Wanaongea Kiswahili na Kifaransa. Tangu Julai 2022 nchi yao, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu wa Butembo anapoandika kwenye simu bei ya vitenge Kampala, kurasa za kumjibu kwa Kiswahili ni chache mno, na ushindani ukiwa mdogo ukurasa mmoja wa kweli una nafasi kubwa. Utaambiwa watu hutafuta kwa Kiingereza. Wa mitaa ya wenye nazo kama Kololo, ndiyo. Tovuti inaweza kuwa na kurasa mbili, moja kwa kila lugha, bila gharama ya ziada ya kikoa wala seva.

Kuna mapingamizi mazito kuliko hilo. La kwanza husema wateja wote wako WhatsApp na TikTok, hivyo tovuti ni pambo. Ni kweli kwamba mauzo mengi hufungwa kwa ujumbe na kulipwa kwa pesa za simu, nami simshauri mtu aache kibanja chake. Kibanja hulisha familia. Ila mteja wa WhatsApp ni yule anayekujua tayari, na video ya TikTok huonwa wiki hii ikasahauliwa wiki ijayo. Anayetafuta kitu asichojua kinauzwa na nani bado huuliza Google, na usipokuwapo ataletewa mwingine. Wasifu wa biashara kwenye ramani za Google, unaotolewa bure, unasaidia sana. Nao ni kibanja pia.

La pili ni gumu zaidi: serikali ikizima intaneti yote, tovuti nayo si huzimika? Huzimika. Zile siku tano za Januari 2021 hakuna kikoa kilichomwokoa mtu ndani ya Uganda, na mwaka 2016 siku ya uchaguzi hata pesa za simu zilikatwa. Anayeahidi kwamba tovuti ni kinga dhidi ya kuzimwa anadanganya. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Mwenye tovuti iliyo kwenye seva ya nje aliendelea kuonekana Goma na Juba hata Kampala ilipokuwa gizani, na mtandao uliporudi alikuta kila kitu mahali pake. Mwenye ukurasa wa Facebook alikuta mlango umefungwa bado, na hakuwa na namna ya kuwahamisha wafuasi wake.

Siku hizi limeongezeka la tatu, kwamba akili mnemba imeua utafutaji. Tangu 2024 Google hutoa muhtasari ulioandikwa na mashine juu ya majibu, na tovuti zinazoishi kwa kujibu maswali ya kawaida zina haki ya kuogopa, kwa kuwa msomaji hana tena sababu ya kubonyeza. Muuza magodoro wa Katwe hauzi majibu. Mashine inaweza kumweleza mteja tofauti ya godoro la inchi 6 na la 8, lakini ili itaje duka lake lazima iwe imesoma mahali fulani kwamba lipo, liko wapi na bei zake ni zipi. Kurasa zilizoandikwa wazi ndizo zinazosomeka kwa Google na kwa mashine hizo pia.

Husemwa vilevile kwamba mwenye duka hana muda wa kujifunza haya, ndiyo maana analipa fundi. Sawa, na asijifunze kuandika hata mstari mmoja wa CSS. Anachohitaji ni mkataba wa ukurasa mmoja kabla ya malipo ya kwanza. Uandike kwamba kikoa kinasajiliwa kwa jina la biashara lililoko URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na kwa barua pepe ya mwenye biashara. Kwamba nywila za msajili, za seva na za WordPress zinakabidhiwa siku ya malipo ya mwisho na kubadilishwa siku hiyohiyo. Kwamba nakala rudufu ya mafaili yote inakwenda kwake kila mwezi. Na kama kuna fomu inayokusanya majina na namba za wateja, nani anawajibika kwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Mafundi wazuri watakubali, wengine watashukuru, kwa sababu nao wamechoka kupigiwa simu usiku na mteja wa miaka minne iliyopita aliyepoteza nywila. Kwa tovuti iliyokwisha kujengwa, mkataba umepitwa na wakati lakini WHOIS bado iko wazi. Liandike jina la kikoa chako humo, na ukikuta mmiliki ni mwingine, omba kihamishiwe kwako sasa, wakati wewe na fundi bado mnasalimiana.